Muulize Fundi wa Jumapili: Gari za wenzangu, basi tena

Wasomaji hamjambo. Toleo lililopita niliandika mistari miwili pale chini kabisa, kwamba kuanzia mwezi huu sishiki tena gari ya mtu, za spoti za zamani wala za aina yoyote, isipokuwa yangu mwenyewe. Nilidhani itapita kimya kimya. Haikupita. Barua zimekuja, simu zimepigwa, na mmoja alinidaka mlangoni pa msikiti baada ya swala ya Ijumaa akaniuliza kama kuna mtu kanifanyia dawa. Kwa hivyo safu ya leo karibu yote ni habari hiyo, mlioniuliza mambo ya betri na Probox mnisamehe, zamu yenu toleo lijalo inshallah.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi si fundi wa kusomea. Siku za kazi niko ofisini Shimanzi, hapa Mombasa, na makaratasi ya mizigo, Jumapili navaa ovaroli. Miaka 14 sasa.

SWALI: Fundi umeniacha kwenye mataa kabisa. Z yangu, Datsun 240Z ya 1972, wewe ndo unaijua, injini umefungua mara mbili, kabureta zake unazijua kwa sauti tu. Nimezunguka gereji tatu hapa mjini, ya kwanza walisema hawana spea, ya pili walisema niuze, ya tatu wakaniambia niilete waipime na kompyuta, nikawauliza hiyo waya ya kompyuta mtaichomeka wapi? Kijana akazunguka gari yote akitafuta. Sasa mimi niende wapi, na tulikukosea nini? Kama ni pesa si ungesema tu. *Mwenye Z, Tudor*

JIBU: Ndugu yangu Mwenye Z, hamkunikosea chochote. Na si pesa, ingawa hiyo "ungesema tu" yako imenichekesha, miaka yote hiyo kumbe ulikuwa unangoja nitaje bei? (Nakutania. Halwa ya kila Idi naikumbuka, na ile ya mwaka juzi ilikuwa na lozi.)

Ukweli ni kwamba hizi gari zilikuwa raha yangu. Jumapili asubuhi kabla jua halijakaza, unatia kile kimpira chembamba sikioni, ncha ya pili unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, kile kidude kinachochanganyia injini petroli na hewa, unasikiliza inavyovuta hewa, shiiii, halafu unahamia ya pili, unazungusha skrubu nywele moja, unarudi ya kwanza, mpaka zote mbili zivute sauti moja. Wako watu huvua samaki, mimi yangu ilikuwa hiyo. Na Z kwa Mkenya si gari ya kupita hivi hivi, 1971 Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari Rally nayo, 1973 Shekhar Mehta akashinda na Z pia, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström wakatafutiwa nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Sisi tuliokuja nyuma tumekuta hadithi na mabati yaliyoliwa na kutu kwenye yadi za watu, sakafu imetoboka unaona lami, chini ya betri pameoza, na bado roho inakwambia hii itaamka. Yako iliamka. Sijutii hata Jumapili moja niliyokaa chini yake.

Sasa nikwambie kilichotokea, manake nimeshachoka kuzunguka zunguka.

Kuna mwenzetu wa Nyali, jina sitaji, ana MGB, gari ya spoti ya Uingereza, ya miaka ya 60, ile ya kijani, wengi mnaijua. Aliniletea Jumamosi usiku, breki laini, na kesho yake alfajiri ana safari ya Voi yeye na kijana wake. Mimi nimetoka kazini saa mbili usiku, meli ilichelewa, macho mekundu. Mwenye akili angesema nenda na basi. Mimi nikasema leta. Nikabadilisha mipira ya masta silinda, nikatoa hewa, oili ya breki ikaniishia njiani. Maduka yamefungwa. Rafuni kulikuwa na chupa nusu, imefunguliwa tangu kabla ya Ramadhani, kifuniko chenyewe kimekaa upande. Nikamimina hiyo hiyo.

Wanaojua washashika vichwa. Oili ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kwenye hewa kama chumvi iliyoachwa wazi mezani, na hewa ya Mombasa mnaijua, nguo ya kabatini inakuwa chepechepe. Oili ya breki ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike nyuzi 230, ikishashiba maji huchemka kwenye 155 hivi. Mtu atasema 155 si bado nyingi? Nyingi ukiwa barazani. Wewe teremka Mazeras mchana wa jua nyuma ya trela la makontena, mguu haubanduki kwenye breki, ndo utajua 155 ni karibu kiasi gani. Ikishachemka inatoa mvuke, na mvuke tofauti na oili unabonyea, kwa hivyo unakanyaga pedali inazama mpaka chini kama umekanyaga mto wa pamba. Na zile gari za wakati ule breki ni njia moja ya oili kwa magurudumu yote manne, hakuna nusu inayobaki, ikifa imekufa yote.

Yule bwana breki zilimfia hapo hapo Mazeras, lakini akili ilimkaa. Alishusha gia, akavuta hendbreki, akaitupa gari pembeni kwenye mchanga, ikasimama kwa kusukuma kichaka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, taa moja tu na bampa. Lakini kijana alikuwa kiti cha pembeni, ana miaka 9.

Kilichoninyima usingizi lakini si hiyo tu. Hakukasirika! Alinipigia simu hapo hapo kando ya barabara anacheka, "Fundi leo nusra tukuache," na jioni ile ile gari ikaja juu ya brekdauni mpaka mlangoni kwangu. Kwangu tena. Ningekuwa fundi wa kulipwa angenitukana, angedai pesa yake, angeipeleka kwa mwengine, na huyo mwengine angefungua akainusa ile oili akauliza mpumbavu gani kafanya hivi. Ndivyo kazi ya fundi inavyochungwa, anayelipa hufoka na fundi mwengine hucheka. Mimi kwa kuwa nafanya bure hakuna wa kunifokea wala wa kunicheka. Nimekuwa kama imamu wa kabureta, nikikosea wote mnakosea nyuma yangu.

Hilo la kwanza. La pili lilitoka kwa mzee mmoja panelbita kule Magongo, nilikuwa nimempelekea mlango wa hiyo hiyo MGB. Akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Wajua wanangu hapa hawajui pointi za distributa wala kabureta mbili kwa sababu yako?" Nikamwambia mzee, mimi wanao nimewafanya nini. Akasema, "Gari za namna hiyo zote zaenda kwako, tena bure. Nani atamlipa mwanangu ajifunze?" Nikambishia, nikasema gari zenyewe si nyingi kiasi hicho, tena haziongezeki manake gari iliyotumika ikizidi miaka 8 kwa kawaida hairuhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo zilizoko mjini ni zizo hizo tunazozunguka nazo sisi kwa sisi. Akanitazama. Akasema, "Basi si ndo nalokwambia." Akaendelea kugonga.

Nikiwa kwenye foleni ya Changamwe narudi nikahesabu kwa vidole. Gari 11 zimekuwa zikija kwangu. Wenye gari wanaoweza kubadilisha plagi wenyewe ni wawili. Fundi wa kulipwa mjini hapa aliyewahi kuzigusa ndani ya hiyo miaka 14 yote, hakuna hata mmoja, manake mimi nilikaa mlangoni kama bawabu. Na nikidondoka kesho kwenye kivuko cha Likoni gari 11 zinakufa na mimi. Nilikuwa naona nazilinda.

Sasa umeuliza uende wapi. Nenda kwa fundi wa tuktuk.

Usicheke, nisikilize. Fundi wa Vitz na Noah amezoea injekta na kompyuta, kabureta kwake ni kitu alichosikia kwa babake. Lakini kijana anayetengeneza tuktuk za petroli kabureta ndo ugali wake, anafungua tano kwa siku, jeti iliyoziba anaijua kwa jinsi injini inavyokohoa. Z ina Hitachi mbili zilizojengwa kwa mtindo wa SU, ndani kuna pistoni inapanda na kushuka na sindano chini yake, ukishaelewa sindano umeelewa kila kitu. Nimemchukua kijana mmoja wa Mwembe Tayari nikamkalisha Jumapili tatu kwenye Datsun yangu, nikampa kile kimpira. Jumapili ya tatu aliniambia ya nyuma inavuta zaidi, mimi nilikuwa bado sijasikia. Nitakupa namba yake. Utamlipa, tena umlipe siku hiyo hiyo, na usikae ndani ya gari unachezea simu, simama pale, uliza, shika tochi. Hiyo Z ni yako.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Likoni, nafanya kazi hotelini, na wikendi natengeneza gari za zamani za marafiki, Escort, Alfa, Celica moja. Nilianza kwa kupenda, sa hii ni kila Jumamosi na kila Jumapili, mtu anakuja ati ni kitu cha dakika tano unatoka hapo magharibi. Wananipa soda. Ukikataa wanasema umeota pembe. Kuna mmoja alileta Alfa nikatoa injini, akapata kazi Dubai akaondoka, mwezi wa nane huu, injini iko kwenye maboksi chini ya kitanda. Niliposoma umeacha nilifurahi, nikasema kumbe inawezekana. Umewaambiaje watu? *Mtumwa wa Spana, Likoni*

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo ya maboksi chini ya kitanda imenigusa, mimi yangu ilikuwa ni giaboksi bafuni.

Kwanza maneno. Usiseme "nitaangalia." Usiseme "wiki ijayo." Na usiseme inshallah, manake sisi watu wa Pwani hilo neno tumelifanya pazia, wewe unalisema kumaanisha hapana, yeye analisikia kumaanisha Jumamosi, dhambi mnagawana. Sema: nimeacha kutengeneza gari za watu. Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, utataka kujieleza, utasema mgongo, utasema kazi, na kila sababu utakayotoa mwenzako ataitengenezea dawa. Ukisema mgongo ataleta jeki nzuri. Mimi nilisema muda, mtu akaniletea msaidizi!

Pili, usijaribu kukataa kwa bei. Huu ushauri utapewa na kila mtu, ati taja pesa kubwa watakimbia wenyewe. Nilijaribu. Jamaa alitaka kufunguliwa gasketi ya silinda hedi, nikamtajia elfu 15 nikijua hatarudi. Sijamaliza kikombe cha kahawa, M-Pesa imeingia. Sasa nimelipwa, siwezi kusema nimechoka, anapiga simu saa nne usiku anauliza imefika wapi, na ana haki. Raha yote iliisha ndani ya kazi ile moja, na mtu mwenyewe nilikuwa nampenda. Ukitaka kuwa fundi wa kulipwa, kuwa, fungua gereji, chukua leseni ya kaunti, ni kazi ya heshima. Lakini usijikute huko kwa sababu uliona haya kusema hapana.

Tatu, ulichofungua kifunge. Hapa sina mzaha. Gari iliyoko mkononi mwako imalize, hata ikikuchukua miezi mitatu, manake gari iliyofunguliwa na mtu mmoja ikafungwa na mwengine hukosa nati moja kila mara, na nati ile ndo itakayoangusha gari. Mimi niliandika orodha ya gari nne zilizokuwa wazi, nikazimaliza moja moja, hakuna mpya iliyoingia. Ilinichukua Jumapili zote tangu ile ajali ya Mazeras mpaka mwezi uliopita.

Huyu wa Dubai ni kesi yake peke yake. Injini usiifunge, mwenyewe hayupo na huwezi kuiwasha ukaijaribu. Toa maboksi yote, panga kitu kimoja kimoja juu ya mkeka, piga picha. Bolti na nati tia kwenye mifuko midogo, andika kwa karatasi zimetoka wapi, karatasi tia ndani ya mfuko pamoja na bolti maana ukibandika nje itabanduka na joto letu hili. Vyuma vilivyo wazi, silinda na kadhalika, paka oili nzito uvifunge kwa nailoni, chini ya kitanda Likoni bahari iko pale pale, chumvi haijui kitanda. Halafu mtumie picha zote na tarehe, umwambie gari na mali yake anakabidhiwa ndugu yake siku fulani. Ukimwambia "ukirudi tutaona" utazeeka nazo.

Umwambie pia kama kuna kitu kimevunjika mkononi mwako. Kiko, huwa kiko.

Nne, na hapa watu tunatofautiana: sijaacha kusaidia kwa mdomo. Mtu akija na gari yake, akavua shati, akashika spana mwenyewe, mimi nakaa kwenye kiti na kahawa tungu yangu namwambia geuza kushoto. Hiyo naiona halali. Wawili wameshajifunza kuseti pointi hivyo, mmoja ni daktari wa meno na mikono yake wallahi ni mizuri kuliko yangu. Isipokuwa breki na stelingi. Hizo hata kwa mdomo sisemi, hizo peleka kwa anayelipwa na anayeweza kufokewa.

Umeuliza kama watasema umeota pembe. Watasema. Mimi wawili hawaji tena, mmoja tulikuwa tunakula pamoja mahamri na mbaazi kila Jumapili kwa miaka sita na sijui kama alikuwa anakuja kwangu au anakuja kwa jeki yangu. Sijamuuliza. Inauma kidogo, zaidi asubuhi.

SWALI: Mimi magari siyapendi, naomba niseme hivyo kwanza. Mume wangu alisoma ulichoandika akakasirika, akasema umewasaliti wenzio. Uani kwangu kuna gari tatu na hata moja si yetu. Kamba ya nguo imefungwa kwenye kioo cha Triumph. Watoto wakicheza mpira wanaambiwa polepole. Nimsemeshe vipi? *Mama Watoto, Bamburi*

JIBU: Dada yangu, pole. Kwanza fungua hiyo kamba, si kwa ajili ya mumeo bali kwa ajili ya hao watoto, kioo cha Triumph kikivunjika ndo mtaijua bei ya posta ya Uingereza.

Usigombane kuhusu gari. Ukigombana kuhusu gari utashindwa, ana majibu ya miaka ishirini. Muulize swali moja tu wakati ameshiba: katika hizi tatu, ipi imewashwa mwaka huu? Halafu mwachie. Akisema karibu, muulize tarehe. Na tafadhali, kile chuma cheusi chenye grisi kilichoko dirishani jikoni usikitupe, najua kinakuudhi, lakini huenda kimesubiriwa miezi miwili.

Mimi mke wangu hakuwahi kusema kitu. Alikuwa anahesabu. Siku nilipomwambia naacha alifungua droo akanionyesha kalenda, kila Jumapili niliyokula chakula cha mchana mezani na wao amezungushia duara. Mwaka mzima maduara yalikuwa manne, na mbili kati ya hizo ilikuwa mvua.

SWALI: Fundi, najua umeacha lakini hili ni swali tu. MGB yangu asubuhi inawaka vizuri, nikifika mjini saa saba mchana nikaizima dakika kumi, haiwaki tena mpaka ipoe. Plagi mpya, betri mpya. Nishaaibika mara mbili pale Ganjoni nasukumwa na wauza madafu. *Mwenye Aibu, Kizingo*

JIBU: Hili la mdomo, nakujibu. Washa swichi bila kupiga stata usikilize huko nyuma chini, ile pampu ya petroli ya umeme ya SU inalia tik tik tik kisha inanyamaza ikishajaza. Ikiwa kimya tangu mwanzo, pointi za ndani ya pampu zimeganda, ishukie uigonge taratibu na mpini wa bisibisi, ikianza kulia umeshapata mchawi. Gari za kwetu hizi ndo zenye heshima, unazipiga zinatii. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, pampu bado itataka kufunguliwa.

Kama pampu inalia na bado haiwaki, petroli inachemka ndani ya mabakuli ya kabureta. Kwenye MGB kabureta zimekaa upande mmoja na ekzosi, tena juu yake, na kati yao kiwandani waliweka bati la kukinga moto. Fungua boneti uangalie kama lipo. Nyingi nilizoziona halipo, fundi mmoja alilitoa miaka hiyo akaliona halina kazi. Bila bati hilo, injini ikizimwa na feni ikasimama, joto lote linapanda juu, na mchana wa Januari huna pa kulikimbiza. Ikikukuta, usipampu mafuta, kabureta za SU hazina pampu ya pedali kwa hivyo unachosha mguu bure, kanyaga nusu ushikilie hapo hapo upige stata. Boneti ukiweza iache wazi unapoegesha.

Jambo la tatu ni kondensa ndani ya distributa, ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, weka cha akiba kwenye buti. Na una bahati na gari yako, MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kuanzia 1962 hadi 1980 na Uingereza bado wanafyatua spea zake, mpaka bodi nzima mpya. Sisi wa Datsun tunaomba mpira wa mlango kama tunaomba mkopo.

Na hapana, sitopita kuangalia. Hata kama uko njiani kwangu.

SWALI: Fundi za masiku. Kwa vile umeacha, zile spana zako za inchi unaziuza? Nilizionaga siku moja, seti nzima na kisanduku chake cha mbao. Nakuja na pesa mkononi. *Mnunuzi, Kongowea*

JIBU: Seti ile niliuziwa na fundi mstaafu wa bandarini aliyekuwa anahama kwenda Lamu, imekamilika kuanzia robo inchi, hakuna hata moja iliyopotea kwa miaka 14, na ile ya nusu inchi ina alama ya jino la mtu, hadithi ndefu. Umesema kweli, sizihitaji. Gari iliyobaki uani kwangu ni moja, Datsun 1600 SSS, ndugu ya ile aliyoshindia Herrmann Safari ya mwaka 1970, na hiyo ni milimita kutoka bampa mpaka bampa, spana ya inchi haina pa kuingia hata kwa bahati mbaya. Yule kijana wa Mwembe Tayari nimeshamwambia akitaka ataazima kwa siku moja, arudishe magharibi.

Juzi nilizitoa zote nikazifuta, nikazipaka oili nyepesi moja moja, nikazirudisha kisandukuni. Siuzi.